Wingu la nani? Tukipima faida na gharama ya kuigura Google

Nenda kwenye duka lolote mtaani uitishe Omo. Mwenye duka atakuuliza bila kucheka, "Omo gani? Ya Ariel ama ya Sunlight?" Mtoto naye hutumwa Colgate akarudi na dawa ya meno ya kampuni nyingine kabisa, na hapana anayemkaripia. Katika Kiswahili cha mazungumzo nchini Kenya, majina kadhaa ya kibiashara yamegeuka nomino za kawaida. Mwenye jina hahitaji tena kujinadi. Lugha inamnadia bure.

Google imekwenda hatua moja mbele: haikutosheka kuwa nomino, imekuwa kitenzi. Wanafunzi wangu huambiana "gugo hilo neno" au "nigugulie maana yake", na kitenzi hicho kimekwisha kupokea viambishi vya nafsi, vya njeo na hata mnyambuliko wa kutendea, kana kwamba kilizaliwa Mvita. Mwanaisimu hufurahi kuiona lugha ikimeza na kumeng'enya. Lakini kitenzi hiki kina jambo ambalo "tafuta" halina. Ukimwambia mtu atafute, hujamwambia atafute wapi. Ukimwambia agugo, umekwisha kumfungulia mlango mmoja na kuifunga mingine.

Je, tunaweza kutumia milango hiyo mingine? Na tukiitumia, tutapata nini na kupoteza nini? Swali hili nilitwishwa na mtu ambaye sidhani amewahi kulitamka jina la kampuni hiyo.

Nilikuwa Lamu nikimrekodi nahodha mmoja mkongwe akinielezea majina ya sehemu za jahazi, ya pepo na ya mikondo ya bahari. Alizungumza Kiamu chake bila kunionea huruma: mai, si maji, ndia, si njia, mui, si mji. Tulipomaliza akaniuliza, "Sasa mwanangu, sauti yangu yakaa wapi?" Nikamwonyesha simu. Akatikisa kichwa. "Na hiyo simu ikiangukia maini?" Nikamtoa wasiwasi: hata simu ikizama, sauti iko kwenye wingu. Mzee akatazama juu, akanitazama mimi, kisha akauliza, "Wingu la nani?"

Nilicheka, naye akacheka. Ila safari nzima ya kurudi Nairobi swali lile lilinikaa kooni. Wingu lile ni la Google. Humo mna rekodi za wazee, rasimu za makala, shajara za msamiati, barua za miaka mingi na picha za wanangu. Nyumba nimeijaza vitu, kumbe hati ya kiwanja haina jina langu.

Tuanze na haki ya mwenye haki. Google imeifaa lugha hii kuliko taasisi nyingi ambazo jukumu lake lilikuwa kuifaa. Gmail ilipozinduliwa mwaka 2004 iliwapa watu gigabaiti moja ya nafasi, wakati ambapo wengine walikuwa wakigawa megabaiti chache mno. Leo akaunti ya bure ina gigabaiti 15. Kiswahili kiliingizwa katika huduma yao ya tafsiri mwaka 2009, mapema kuliko lugha nyingi za Afrika, na mwaka 2024 Kijaluo kikawa miongoni mwa lugha 110 zilizoongezwa kwa mkupuo. Isitoshe, mimi na wenzangu wa Zanzibar na Bayreuth tumewahi kuhariri makala moja kwa wakati mmoja, kila mtu mbele ya tarakilishi yake, bila kutumiana faili zenye majina kama "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho wa mwisho". Anayesema hayo si chochote hajapata kuandika kitabu na watu watatu.

Basi tatizo ni nini? Naona mambo matatu.

La kwanza ni la mpangaji na mwenye nyumba. Huduma ya bure hufungwa anapotaka anayeitoa. Google Reader ilifungwa mwaka 2013 ingawa ilikuwa na wapenzi wengi. Google+ ilifuata mwaka 2019. Nafasi isiyo na kikomo ya picha iliondolewa mwaka 2021. Na tangu Desemba 2023, akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili inaweza kufutwa pamoja na yaliyomo. Sera hii ina mantiki yake, kwani akaunti zilizotelekezwa huwa windo jepesi la wezi. Hata hivyo, itazame kwa jicho la mkusanyaji wa lugha. Nikifa leo bila kuacha maagizo, sauti ya yule nahodha inaweza kunifuata baada ya miaka miwili. Tayari nimeshuhudia msiba wa aina hiyo. Mwenzangu mmoja aliyekusanya vitendawili kwa miaka mingi alifariki bila mtu yeyote kujua nywila yake. Kampuni iliyokuwa na akaunti ile si hoja hapa. Hoja ni kwamba familia ilizika mtu na maktaba siku moja.

La pili ni faragha. Kampuni ya Alphabet, inayoimiliki Google, hupata sehemu kubwa ya mapato yake kutokana na matangazo, na tangazo hulenga vyema zaidi pale anayelengwa anapojulikana. Ni kweli kwamba mwaka 2017 Google ilitangaza kuwa haitatumia tena yaliyomo katika barua za Gmail kuchagulia watu matangazo. Hata hivyo, unachotafuta, unachotazama na unapokwenda vinaendelea kuchora sura yako. Kwangu mimi jambo hili lina uzito wa ziada kwa sababu baadhi ya data si yangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inanitaka nimweleze mtu ni data gani ninayoichukua, kwa sababu gani na nani ataipokea, na inaweka masharti ya kuihamishia nje ya nchi. Kumbe mzee aliponiuliza wingu la nani, alikuwa akidai haki anayopewa na sheria za Kenya, nami nikacheka!

La tatu ni nguvu ya mmoja. Agosti 2024, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho nchini Marekani aliamua kwamba Google imevunja sheria kwa kulinda ukiritimba wake katika utafutaji wa mtandaoni. Ukiritimba una upande wa kiisimu pia. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil walichapisha uchunguzi wa jinsi huduma ya tafsiri ya Google ilivyotafsiri sentensi kutoka lugha 12 zisizobagua jinsia katika viwakilishi vyake, Kiswahili kikiwamo. "Yeye" wetu, ambaye hana jinsia, aliegemezwa upande wa kiume, hasa katika kazi za sayansi na uhandisi. Mtafsiri mmoja akikosea, tunamsahihisha. Mtafsiri anayetegemewa na umma mzima akikosea, kosa huanza kufanana na kanuni.

Sasa tuigeukie milango mingine. Hapa ndipo wengi huteleza, kwa kudhani kwamba Google ni kitu kimoja kinachohamwa siku moja. Si hivyo. Ni mtaa wenye vibanda vingi, na gharama ya kuhama hutofautiana kibanda kwa kibanda.

Kivinjari ndicho rahisi kabisa. Kutoka Chrome hadi Firefox ni kazi ya dakika chache, na hasara yake kwa mtumiaji wa kawaida ni ndogo. Ukitafuta jambo dogo la kukuanzishia safari hii, ni hili.

Utafutaji ni mgumu kiasi. DuckDuckGo huahidi kutokufuatilia, lakini sehemu kubwa ya matokeo yake hutoka kwa Bing ya Microsoft, kampuni nyingine isiyo ndogo. Kwa Kiingereza utaridhika. Kwa Kiswahili jaribu mwenyewe kabla ya kuamua. Mimi nilipojaribu mtambo mmoja mbadala kwa maswali ya ngeli na ushairi, nililetewa kurasa chache, na baadhi yake hazikuwa za Kiswahili hata. Kosa si la mtambo peke yake. Mtambo huvuna tulichopanda, na sisi wapenzi wa Kiswahili tumepanda kidogo mno kwenye wavuti.

Ramani zina hadithi nzuri ya Kikenya. Mwaka 2009, vijana wa Kibera walichukua vifaa vya GPS wakauchora mtaa wao katika OpenStreetMap, ramani huria ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Kabla ya hapo, mtaa wenye maelfu kwa maelfu ya watu ulikuwa karibu mtupu kwenye ramani. Programu zinazotumia ramani hii hufanya kazi bila intaneti ukishapakua eneo lako, na kwa mwenye bando la kuhesabu hilo si jambo dogo. Lakini mwulize dereva kama OpenStreetMap itamwambia Thika Road kuna msongamano saa hii. Haitamwambia. Habari ya msongamano huzaliwa na mamilioni ya simu zinazoripoti zilipo, na hapo faida na kero ni pande mbili za sarafu moja.

Halafu kuna kisa cha matatu. Chuo Kikuu cha Nairobi kikishirikiana na wenzake wa Marekani kilikusanya data ya njia za matatu za jiji katika mradi wa Digital Matatus, ikatolewa bure kwa umma, na mwaka 2015 ikaingia katika Google Maps. Je, tuseme Google ilinyakua ama ilisambaza? Naona ilisambaza, kwa sababu data ilibaki huru kwa kila mtu mwingine. Nadhani funzo ni hilo: tatizo haliko katika kumpa jitu nakala, liko katika kumpa nakala ya pekee.

Uandishi wa nyaraka je? LibreOffice ni programu huria, haina ada, na ina kamusi ya tahajia ya Kiswahili. Wenye kumbukumbu watakumbuka kwamba mwaka 2004 mradi wa Kilinux, kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maonyo yake. Wakati huo tulidhani tumefika. Kumbe programu, kama shamba, haitoshi kulimwa mara moja. Walioianzisha walitawanyika, nasi tukarudi kwenye menyu za Kiingereza. Ubora wa LibreOffice ni kuwa faili ni yako, iko mezani kwako. Upungufu wake ni kuwa uhariri wa pamoja wa papo kwa papo hauji nayo hivi hivi. Kwa hilo utahitaji kitu kama Nextcloud, mfumo ambao chuo au shule inaweza kuuweka kwenye seva yake yenyewe. Wazo ni zuri. Lakini seva inataka umeme usiokatika, fundi anayelipwa na bajeti isiyohamishwa katikati ya mwaka. Nimewahi kuona taasisi moja ikipoteza tovuti nzima kwa sababu mhudumu mmoja alistaafu. Kuwa chini ya mikono yetu wenyewe si sawa na kuwa salama.

Baruapepe ndiyo mfupa mgumu. Anwani yangu ya Gmail imesajiliwa KRA, benki, Sacco, kwa wachapishaji na kwa kila jarida lililowahi kunikataa. Kuibadilisha ni sawa na kubadilisha jina la ubatizo. Zipo huduma kama Proton Mail ya Uswisi, iliyoanza mwaka 2014, ambayo huzifungia barua kwa namna ambayo hata mwenye huduma hawezi kuzisoma. Lakini barua ina pande mbili. Nikimwandikia mwenzangu aliye kwenye Gmail, nakala inakwenda pale pale nilipokimbia. Na Uswisi nayo ina mahakama. Mwaka 2021 Proton ililazimishwa na mamlaka za nchi hiyo kutoa anwani ya kimtandao ya mwanaharakati mmoja wa Ufaransa. Aliyekwambia kuna nyumba isiyo na mlango wa serikali alikuuzia hewa.

Mwisho ni simu. Wengi wetu tunatumia Android, ambayo ni ya Google, na hata nakala za mazungumzo ya WhatsApp katika simu hizo huhifadhiwa kwenye akaunti ya Google. Kuna matoleo ya Android yasiyo na huduma za kampuni hiyo, lakini baadhi ya programu tunazozihitaji kila siku huenda zikagoma. Sitamshauri msomaji wa kawaida aanzie hapo.

Ukijumlisha hesabu, unaona kwamba gharama ya kuhama haihesabiwi kwa shilingi tu. Kuna muda wa kujifunza, kuna wenzako usioweza kuhama nao, na huduma nyingi mbadala zinazolipishwa hudai dola na kadi ya benki, wala si M-Pesa. Mwanafunzi anayeandika tasnifu yake kwa simu ya mkononi hana anasa ya kuchagua. Kumhubiria usafi wa kidijitali ni kumwambia mwenye njaa achague sahani.

Kwa mwanafunzi wa fasihi, mizani hii si ngeni. Tungo za Muyaka bin Haji, yule malenga wa Mombasa aliyeishi hadi karibu mwaka 1840, zilifika kwetu kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya na kuzieleza, naye mmishenari William Taylor akazihifadhi. Miswada hiyo imo London, katika maktaba ya SOAS. Hichens alipoihariri, diwani ya Muyaka ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940. Tukisema Waingereza walituibia, tunasahau kwamba bila makabati yao huenda nusu ya tungo zile zingeliwa na mchwa. Tukisema walitufaa, tunasahau ni vizazi vingapi vya wasomi wa Mombasa ambavyo vilihitaji nauli ya ndege ili kuyasoma maneno ya babu zao. Yote mawili ni kweli. Kosa halikuwa kuweka nakala London. Kosa lilikuwa kutobaki na nakala Mombasa.

Kwa hivyo sikuigura Google. Nilichofanya ni kuacha kuitegemea pale ambapo hasara yake haiwezi kurekebishwa. Nayaeleza niliyoyafanya kwa sababu hayahitaji utaalamu mkubwa.

Kwanza, nilipakua kila kitu. Google yenyewe, tangu mwaka 2011, ina huduma iitwayo Takeout inayokuwezesha kuchukua data yako, na sheria yetu ya mwaka 2019 nayo inatambua haki ya mtu kupewa data yake kwa mfumo unaohamishika. Faili zangu zilichukua siku mbili na bando la kutisha, ila zilishuka.

Pili, niliteua warithi. Katika mipangilio ya akaunti kuna sehemu ya kuwataja watu watakaojulishwa na kupewa data usipoonekana kwa muda fulani. Fanya hivyo leo, hasa kama wewe ni mtafiti. Wosia wa shamba tunauandika, wa nywila hatuuandiki.

Tatu, nilisajili jina langu la kikoa chini ya .ke ili niwe na anwani ya baruapepe iliyo yangu. Tangu mwaka 2011 Mkenya anaweza kuhama mtandao wa simu bila kubadilisha nambari. Jina la kikoa hufanya kazi hiyo hiyo kwa barua: leo litahudumiwa na Google, kesho na mwingine, na KRA haitajua kwamba nimehama. Lina ada ya kila mwaka, na ukisahau kuilipa unalipoteza. Uhuru nao una kodi ya nyumba.

Nne, rekodi za wazee nimezitoa zote katika hali ya kuwa na nakala moja tu. Na pale msimuliaji anaporidhia, nafikiria kuwaelekeza vijana wake kwenye mradi wa Common Voice wa Mozilla, ambako watu hutoa sauti zao kwa hiari ili mitambo ijifunze Kiswahili, na data yake ikabaki ya umma. Nasema nafikiria, kwa kuwa sauti ikishakuwa ya umma, Google nayo ni sehemu ya umma. Anayefungua mlango kwa wote hawezi kulalamika kwamba jitu limeingia.

Jambo moja bado linanikera. Nilipoandika manukuu ya mahojiano yale, kihakiki tahajia kilipiga mstari mwekundu chini ya "mai", "mui" na "ndia". "Maini" kiliipitisha bila neno, kwa kuwa kiliijua kama kiungo cha mwili, si kama mahali ambapo simu ya mwalimu ingeweza kuangukia. Hakuna huduma mbadala niliyoijaribu iliyofanya vyema zaidi. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kuhama peke yake hakutatui shida hii. Mitambo yote, ya jitu na ya huria, haijui Kiamu kwa sababu hatujakiandika vya kutosha mahali inapoweza kukisoma.

Majuzi nilimpelekea mjukuu wa nahodha kadi ndogo ya kumbukumbu yenye rekodi zote za babu yake. Akaiingiza kwenye simu yake palepale na kumsikilizisha mzee. Nikachukua fursa hiyo kulijibu lile swali: sauti yako, mzee, iko kwenye wingu la Wamarekani, iko kwenye diski katika kabati la chuo, na iko hapa mkononi mwa mjukuu wako. Mzee alisikiliza kidogo, akakunja uso. Nikadhani sasa atanikaripia kwa habari ya Wamarekani. Kumbe alikuwa amesikia jina la upepo mmoja alilolikosea. Akaniambia nitoe simu turekodi tena.